Hodi Mgongoni mwa Shangazi

Siku Kimya alipomwona Shangazi kwa mara ya kwanza, Shangazi alikuwa miguu juu, kichwa chini.

Ilikuwa asubuhi ya kuhamia. Mkokoteni ulikuwa umeegeshwa nje ya geti na kitanda chake kimoja, sanduku la vifaa vya kazi, na bunda kubwa la sponji lililofungwa kamba. Kimya alilibeba bunda begani akaingia uani kutafuta chumba cha pembeni alichoonyeshwa na msimamizi. Alitazama chini, kama ilivyokuwa kawaida yake, maana alikuwa mtu wa kujua viatu vya watu kabla ya kujua nyuso zao. Siku hiyo, pale alipotarajia viatu, akakutana na uso.

Kwenye kibaraza cha chumba cha katikati palikuwa na mlango. Si mlango wa kuingilia. Ulikuwa mlango mbovu wa mbao, tundu la kitasa bado liko wazi, umelazwa kwa mteremko, upande mmoja juu ya matofali na upande mwingine sakafuni. Juu yake alilala kwa ubavu mwanamke wa makamo, nyonga juu, kichwa bondeni, taulo limetandazwa mgongoni. Msichana alikuwa amepiga magoti kando yake, akimgonga mbavuni kwa viganja vyote viwili, kimoja baada ya kingine, kopo, kopo, kopo, kama mtu anayecheza na makopo matupu.

Kimya akadhani mtu anapigwa. Lakini yule aliyekuwa akipigwa alikuwa ametulia, amefumba macho kama anayesukwa nywele. Kimya hakujua apite au arudi. Akachagua kurudi, na kwa kurudi kinyumenyume bunda lake likanasa kamba ya nguo, na shuka za ua mzima zikaanguka chini.

Mwanamke akafumbua jicho moja.

"Pita tu, mgeni," akasema kutoka huko bondeni. "Ila usiniruke, nisije nikabaki mfupi."

Msichana akacheka. Kimya hakucheka. Aliokota shuka moja moja, akazianika upya, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Jioni, akiwa anapanga misumari yake kwenye makopo, ndipo alipotambua kwamba yule mama alikuwa anatania. Akacheka peke yake.

Jina la Kimya alipewa na watu wa ua kabla hata hajamaliza kupanga vyombo. Alikuwa fundi wa makochi. Alimaliza shule ya msingi, akachukuliwa na mjomba wake karakanani, na tangu hapo maneno yake mengi aliyaingiza kwenye viti. Huwezi kumsengenya mtu ambaye hasemi, kwa hiyo watu walimwacha. Karakana yake ilikuwa palepale nyuma ya nyumba, chini ya mabati, na kutwa nzima alisikika akikung'uta mito na kupiga vitambaa kutoa vumbi.

Shangazi alikuwa kinyume chake. Walimwita hivyo wote kwa sababu ya yule msichana, binti wa kaka yake, aliyekuwa akikaa naye. Alishona sare za shule. Cherehani yake ya miguu ilikaa kwenye kibaraza kilekile cha mlango mbovu, na kinywa chake hakikuwa na breki. Mteja aliyekuja kulalamika kwamba kaptura inambana mtoto aliambiwa ampunguze mtoto. Kimya, ambaye alitazama mikono kuliko nyuso, aliona kwamba ncha za vidole vya Shangazi zilikuwa nene na za mviringo, kucha zimebinuka, na bado vidole hivyo vilipitisha uzi kwenye sindano kwa mkupuo mmoja.

Habari za ugonjwa wake Kimya hakuziuliza. Alizisikia akiwa ameinamia kazi yake, kwa sababu Shangazi aliwaeleza wateja kwa sauti, watake wasitake. Utotoni alishikwa na kifaduro, kisha nimonia juu yake, na kikohozi kilipomaliza kazi yake hakikuondoka. Shuleni mwalimu alimtoa darasani, akamwambia awe anakwenda kukohoa nyuma ya choo. Baadaye akamwambia asirudi kabisa mpaka apone. Hakupona, kwa hiyo hakurudi. Watu walimpeleka kupimwa kifua kikuu mara chungu nzima, na kila mara hakikuonekana, na kila mara waliokuwa wakimkimbia waliendelea kumkimbia, kwa kuwa miguu ikishazoea mbio haiulizi majibu ya maabara.

Alikuwa mtu mzima alipompata daktari wa kifua aliyeinua picha ya mapafu yake dirishani na kumweleza taratibu. Alisema vijia vya hewa vimetanuka, vimelegea, haviwezi tena kusukuma uchafu kuupandisha. Shangazi aliyatafsiri maneno hayo kwa lugha ya kazi yake.

"Umeshaona soksi iliyokufa mpira?" aliwaambia wateja. "Haipandi, haishuki, iko tu inakusanya vumbi. Ndiyo mapafu yangu hayo. Na duka la kuuza mpira wa kubadilisha halipo."

Dawa yake, basi, ilikuwa kufagia. Uchafu usipotolewa unachacha huko ndani, unaleta homa, na siku mbaya unaleta hata damu. Mama wa mazoezi wa hospitali ndiye aliyewafundisha, yeye na binti wa kaka yake. Asubuhi kabla ya kula na jioni kabla ya kula, Shangazi alianza kwa kupuliza mrija uliozamishwa kwenye chupa ya maji, mapovu yakiruka mpaka shingoni mwa chupa. Kisha alilala kwenye mlango, upande huu, halafu upande ule, uchafu ukitiririka kwa mteremko na viganja vikiubandua mbavuni. Kisha aliketi akatoa pumzi kwa kinywa wazi, haa, kama mtu anayetia ukungu kioo ili akifute. Kikohozi kiliitwa mwisho kabisa, kama mbeba mizigo, na kilichotoka kiliingia kwenye kopo lenye kifuniko. Baada ya hapo alipanda cherehani akashona kama mtu aliyezaliwa upya.

Yote hayo aliyafanya kibarazani, mchana kweupe. Chumba chake kilikuwa kidogo na dirisha lake lilitazama ukuta, hewa ya humo ilikuwa ya kukopa. Lakini hata kingekuwa ukumbi, angetoka nje.

"Nyie mnapiga mswaki hapo bombani," aliwaambia, "mnatema povu mbele ya wazee na watoto, na hakuna anayewaita wagonjwa. Mimi napiga mswaki wa ndani. Tofauti iko wapi?"

Binti wa kaka yake akapata kazi mji mwingine. Shangazi alimshonea nguo ya safari, akamsindikiza mpaka getini, akamkataza kulia. Siku zilizofuata alijilaza mwenyewe kwenye mlango na kujigonga kadiri mkono ulivyofika. Mbele alifika. Chini ya mbavu za nyuma, upande wa kushoto, pale palipokuwa pabaya kuliko pote, mkono wa mtu haupafikii. Homa ikaja. Kimya, kutoka karakanani, alisikia kikohozi kikigonga mwamba: kikavu, kirefu, kisicholeta kitu.

Asubuhi moja kivuli kikaanguka juu ya kochi alilokuwa akilikung'uta. Alikuwa Shangazi, ameshika taulo.

"Fundi," akasema, "nimekaa pale nakusikiliza unavyopiga mito. Mkono wako hauna haraka na haurukiruki. Nataka uniazime."

Kimya alitazama viatu vyake. Alisema kitu kuhusu watu, kwamba watu watasema.

"Watu wapo wa kusema tu. Mlango uko nje, jua liko juu, mimi nimevaa na taulo juu. Wakisema, na waseme wakiwa wanaona."

Akaenda. Hakujua alifikaje kibarazani. Alipopiga mara ya kwanza alipiga kwa kiganja bapa, kama alivyopiga mito, na Shangazi akaguta.

"Unaua mbu? Kunja kiganja. Kama unachota maji. Nataka hewa igonge, si nyama."

Akakunja kiganja. Kwa woga akapiga polepole mno, na macho ya ua mzima yakiwa mgongoni mwake akazidi kulegea, mpaka Shangazi akageuza kichwa.

"Sasa hiyo ni hodi ya mtu aliyekuja kuazima chumvi," akasema. "Piga hodi kama mwenye nyumba aliyefungiwa nje."

Maneno hayo, sijui kwa nini, yakamwingia. Mkono ukapata mwendo wake. Kopo, kopo, kopo, ukikwepa uti wa mgongo, ukikwepa kiuno, kama alivyoelekezwa, ukitafuta pale kushoto chini. Na baada ya kitambo Shangazi akaketi, akafanya haa, haa, akakohoa mara chache, na kile kilichokuwa kimemlaza kikatoka. Akafunga kopo. Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akaishusha taratibu kama anayeonja kitu.

"Jioni usichelewe," akasema.

Hakuchelewa, jioni ile wala zilizofuata. Watu walisema, kisha wakachoka kusema, kwa kuwa jambo linalofanyika hadharani halina utamu wa kunong'onwa.

Aliyekataa kuchoka ni Mama Chai. Huyu alikuwa na benchi lake la chai kando ya bomba, likitazama kibaraza cha Shangazi uso kwa uso. Ukweli usemwe, malalamiko yake hayakuwa ya uongo. Mtu amekaa anakunywa chai yake, mbele yake mtu mwingine analazwa kichwa chini na kutoa makohozi. Wengine waliacha vikombe nusu wakaondoka. Mama Chai alianza kwa kusema na Shangazi, Shangazi akamshauri ageuze benchi. Mama Chai akasema yeye hageuzi benchi kwa ajili ya kikohozi cha mtu. Wakanuniana. Shauri likafika kwa msimamizi wa nyumba.

Msimamizi aliitwa Kamati, kwa sababu alikuwa mtu ambaye hata taa ikiungua alitaka kwanza kikao. Alikuja akasimama mbali kidogo na kibaraza, akamwambia Shangazi kwamba wapangaji hawana raha. Ama hiyo shughuli yake aifanyie chumbani, mlango umefungwa, ama mwezi ukiisha atafute nyumba nyingine. Neno la mwisho litatolewa kwenye kikao.

Shangazi alimjibu kwamba kikao kikija kitamkuta palepale.

Kimya aliyasikia hayo yote kutoka chini ya mabati yake, na usingizi ukaanza kumkimbia. Alimjua Shangazi: hangeingia ndani. Aliijua miji: mama anayekohoa hivi hapati chumba, akipata hakai. Akawaza kama anavyowaza mtu wa kazi za mikono, kwamba kila tatizo ni kiti ambacho bado hakijatengenezwa. Akaanza kukitengeneza.

Alichagua mbao bora alizokuwa nazo. Alikata miguu ya nyuma mirefu na ya mbele mifupi, ili mteremko uwe uleule wa mlango mbovu. Akaweka sponji nene, si tabaka moja, akaifunika kitambaa kizito cha kijani alichokitunza kwa ajili ya mteja ambaye bado hajazaliwa. Akapiga pindo za vifungo. Kuzunguka chini akashona pazia la kuficha mteremko, kusudi mtu akichungulia aone kochi la kawaida tu. Urefu wake aliupima kwa macho kupitia mlango uliokuwa wazi: uingie sawasawa kati ya kitanda cha Shangazi na ukuta. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Hata kazi za harusi hazikukifikia.

Shangazi alipokwenda kupeleka sare shuleni, alimwachia ufunguo apokee maji. Kimya akaliingiza kochi chumbani. Shangazi aliporudi, Kimya alimwita mlangoni kwa ishara ya mkono.

Shangazi alilitazama. Alipapasa kitambaa, akahesabu vifungo kwa kidole, na uso wake ukalainika. Kisha akapanda akalala kwa ubavu.

Akazama. Sponji ilimpokea kama tope. Kiuno kilichotakiwa kuwa juu kikashuka, mabega yakaingia ndani, kifua kikajikunja kama mtu aliyelala kwenye gunia la pamba. Kimya alimpiga mgongoni mara mbili tatu, na kila pigo sponji ikalimeza. Lilikuwa kosa la fundi wa makochi, ambaye tangu utoto amefundishwa kwamba mtu akiumwa, mwekee kitu laini.

"Hiki ni cha kulalia, fundi," akasema Shangazi kutoka ndani ya shimo. "Si cha kutolea." Alikuwa bado anacheka alipojinyanyua. Kisha akaliona pazia. Akalifunua, akaona miguu isiyolingana iliyofichwa nyuma yake. Akatazama kochi lilivyoenea kati ya kitanda na ukuta bila nafasi ya kupitisha wembe. Kicheko kikaisha.

"Hili limepimwa kwa ajili ya humu ndani," akasema.

Kimya akalishusha pazia.

"Nilikuwa darasa la nne waliponipeleka nyuma ya choo. Walikuwa wema pia. Walisema ni kwa ajili yangu, nisione aibu." Aliketi ukingoni, akaongea kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Aibu sikuwa nayo, fundi. Waliniletea wao. Leo na wewe umeniletea, tena umeishonea pazia."

Akampa mgongo, akaanza kukunja sare.

Kimya aliliburuta kochi akalirudisha karakanani. Jioni Shangazi hakumwita. Wala asubuhi. Alijilaza mwenyewe, akajigonga palipofikika, na kile kikohozi kikavu kikarudi. Kimya alikisikia akiwa na mto mikononi, akashindwa kuupiga. Ikawa hivyo siku baada ya siku, na uso wa Shangazi ukaanza kuwa wa kijivu.

Basi Kimya akachukua koleo, akaanza kung'oa pini. Aling'oa vifungo alivyovitia kwa mapenzi, akachana kitambaa cha kijani, akatoa sponji yote akaitupa pembeni. Zikabaki mbao. Juu ya mbao akatandika blanketi moja lililokunjwa, akalivuta likakaza, akafunika kwa kitambaa cha mpira kinachofutika. Pazia alilikata akalifanya tambara la kufutia gundi.

Siku ya kikao ilifika. Walikaa uani jioni, wengine kwenye ndoo zilizofunikwa, wengine kwenye benchi la Mama Chai. Kamati alikuwa na kiti peke yake. Alisema ajenda ni moja, na mengineyo. Akaeleza kwa maneno marefu kwamba hakuna anayemchukia mama yetu, ila usafi ni usafi na wapangaji ni wengi. Mama Chai akasema yake, bila matusi. Dobi, naye mpangaji, akaongeza kwamba hata yeye shuka za wateja anazianika mbele ya kibaraza hicho. Kamati akaomba wanaotaka shughuli ifanyiwe ndani, au mwenye nayo ahame, wanyooshe mikono. Mikono ikapanda, mingine haraka, mingine polepole kama inayovutwa na kamba. Kimya aliitazama yote. Aliijua mikono ile kuliko alivyozijua nyuso.

"Shangazi, una la kusema?" akauliza Kamati.

Shangazi alisimama kibarazani. Alikuwa nalo, kila mtu alijua analo. Akafungua kinywa, na badala ya neno kikaja kikohozi. Akainua kidole wamsubiri. Kikaja kingine. Akashika nguzo, mwili ukitikisika, macho yakitoka machozi, na maneno yake yote yakiwa yamekwama chini ya ule uchafu wa siku nyingi. Watu wakaangalia kando. Kamati akasubiri kidogo, akasubiri tena, kisha akashika magoti yake kama mtu anayetaka kuinuka.

"Basi, kama hana la kusema..."

Hapo ndipo kikasikika kitu kikikwaruza sakafu. Kimya alikuwa ameinuka bila mtu kumwona, na sasa alikuwa anatoka karakanani kinyumenyume, anaburuta kitu kizito. Alipita katikati ya kikao. Ilibidi dobi anyanyue ndoo yake, ilibidi Kamati asogeze kiti. Kimya hakuomba radhi. Alipandisha kile kitu kibarazani, akausukuma mlango mbovu kando, akakiweka mahali pake, akatikisa kuona kama kimekaa sawa.

"Kiko tayari, Shangazi," akasema.

Kwa wengi pale ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake.

Shangazi, akiwa bado anahema, akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikalia ko, ko, mbao tupu. Akamtazama Kimya kwa muda. Kisha akachukua taulo, akalala kwa ubavu, nyonga juu, kichwa bondeni, mbele ya watu wote wa ua waliokuwa bado na harufu ya kura mikononi mwao. Kimya akapiga magoti, akakunja viganja, akaanza.

Ilikuwa jioni tulivu na sauti ile ilijaa ua mzima, kopo, kopo, kopo, hodi ya mwenye nyumba aliyefungiwa nje. Masikio ya Kimya yalikuwa ya moto, shingo yake imelowa jasho, lakini mikono haikukosea. Alimgeuza upande. Akapiga tena. Watu walikuwa wameishi na jambo hili miaka yote wakiliona kwa pembe ya jicho. Sasa walilazimika kuliona lote, mwanzo mpaka mwisho, na lilipoonekana lote lilikuwa ni mtu mmoja anafanya kazi ngumu na mwingine anamsaidia. Shangazi akaketi. Haa. Haa. Akakohoa, kikohozi kizito sasa, chenye kushika njia. Akatema kwenye kopo. Akafunga kifuniko, akafuta mdomo, akavuta pumzi ndefu iliyofika chini.

"Sasa nina pumzi ya kukujibu," akamwambia Kamati.

Akasimama.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kitaniua, kama kitakavyowaua nyie. Lakini kuniumbua hakinipati, kwa sababu sijaficha kitu. Kodi nalipa ya chumba na kibaraza. Kopo langu lina kifuniko, na ninalimwaga chooni, sijawahi kulimwaga bombani mnapotemea nyie. Siambukizi mtu, na anayebisha nitampeleka kwa daktari wangu kwa nauli yangu. Ndani siingii. Nyuma ya choo nilishakwenda nikiwa mtoto, sikuona kilichonifaa huko. Sasa mlionyoosha mikono, nyoosheni tena. Wakati ule nilikuwa natafuta pumzi, sikuwaona vizuri."

Watu wakatazamana. Dobi mkono wake ulianza kupanda, ukafika kichwani, akajikuna. Mmoja mmoja walikumbuka kwamba wana vyungu motoni. Mkono mmoja tu ulipanda na kubaki juu.

"Mimi wangu uko palepale," akasema Mama Chai.

"Na nakuheshimu kwa hilo," akajibu Shangazi.

Kamati akakohoa kidogo, akajikuta amekohoa, akafunika mdomo. Akasema suala ni zito, litajadiliwa kikao kijacho. Kikao kijacho kilipofika kikalisogeza mbele, na kilichofuata vilevile, mpaka likawa mojawapo ya yale mengineyo ambayo hayafikiwi. Mama Chai, bila kumwambia mtu, aligeuza benchi lake likatazama geti. Hawakupatana. Walisalimiana, na kwa wanawake wawili wenye vichwa vile, hiyo haikuwa haba.

Miaka ikapita hivyo. Asubuhi na jioni Kimya alipiga hodi, Shangazi akafungua. Alishona sare za watoto, kisha za watoto wa watoto wale. Wazazi wenye watoto wa vikohozi vya muda mrefu walianza kuletwa kwake na mama wa mazoezi, waone kwa macho, na Shangazi aliwalaza wanawe hao wa kupewa kwenye kile kiti cha mbao akawatukana kwa upendo mpaka wakakohoa. Kimya alitengeneza vingine vya aina ile. Kila aliyekuja kuagiza alimwomba aweke sponji kidogo, na kila mara alikataa bila maelezo. Daktari mmoja alikuwa amemwambia Shangazi zamani kwamba hatafikia umri fulani. Alipoufikia, alishona gauni jekundu, akalivaa kwenda kliniki siku ya daktari huyo.

Kisha kukaja msimu wa baridi uliomshinda. Homa haikushuka, wakampeleka hospitali, binti wa kaka yake akaja na watoto wake. Kimya alikwenda kumwona mchana, wakati wa kuona wagonjwa. Alimkuta amekuwa mdogo kitandani, mpira wa hewa puani, macho yamefumba. Muuguzi alisema mgonjwa amechoka, kifua kimejaa, mama wa mazoezi amempitia asubuhi na atampitia tena jioni, labda tumwache apumzike. Alilisema kwa upole, kama wanavyosema watu walioshakata tamaa ambao hawataki wewe ujue.

Kimya akatazama viatu vyake. Akasimama hivyo, kofia mkononi, asijue apite au arudi, kama siku ile ya shuka zilizoanguka. Ndipo akaona mkono wa Shangazi ukitambaa juu ya blanketi. Vidole vile vya ncha nene vilishika chuma cha kitanda, vikavuta, na Shangazi akaanza, polepole, kujigeuza ubavu, ule wa kushoto ukija juu. Muuguzi akataka kumzuia, binti wa kaka yake akamshika muuguzi mkono. Shangazi alipomaliza kugeuka alifumbua jicho moja tu, akamtafuta fundi wake, akampata.

"Piga hodi, fundi," akasema. "Mwenyewe bado yumo."